Nani Aliliona Kwanza

Saa tisa alasiri nilivaa koti, nikaenda kwenye bustani ya Harcombe kuhesabu watu.

Hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji wa nyuma. Wa mbele anazungumza. Wa nyuma anafunga mageti na kuhesabu vichwa kila geti, asije mtu akafungiwa ndani giza likiingia. Kila Februari tunafanya matembezi matatu ya maua ya theluji, yale meupe madogo yanayoinamisha vichwa, na watu hutoka hata London kuja kuyaona. Mke wangu Hester aliyaongoza miaka kumi na tisa. Nilimzika Novemba.

Siku hiyo mbele alikuwa Clive Garroway.

Niseme wazi Clive alifanya nini. Miaka mitatu iliyopita, nyuma ya ghala la kale la barafu, Hester aliona ua moja ambalo doa lake la ndani lilikuwa la manjano badala ya kijani. Wapo wanaolitafuta ua kama hilo maisha yao yote wasilipate. Zaidi yangu alimwambia mtu mmoja tu, Clive. Wiki iliyofuata tulikuta shimo. Baada ya misimu miwili Clive alilipeleka kwenye maonyesho, akapewa medali, na ua likapewa jina lake. Kisha akarudisha miche mitatu palepale lilipong'olewa, akaweka na kibao: Garroway.

Hester hakulalamika. Moyo wake ulikuwa tayari unachoka. Asubuhi aliyokufa alinishika mkono.

"Aseme mwenyewe, Edmund. Mbele za watu."

Basi nilikuwa nimekuja kuona kama atasema.

"Umekuja kweli!" Clive alinipiga bega. "Safi sana, mzee wangu. Hester angefurahi."

"Naamini," nilisema.

Geti la kwanza nilihesabu kumi na wanne. Geti la pili, kumi na watano. Nikahesabu upya.

Kumi na watano.

"Baba, sisi si kondoo," alinitania mama mmoja mwenye kofia nyekundu. "Ukituhesabu tena, mimi nitalia meee."

Wenzake wakacheka. Nikafunga geti, nikawafuata.

Clive alizungumza vizuri, sikatai. Alieleza juu ya bibi kizee wa ukoo wenye bustani aliyepanda maua ya kwanza, na jinsi wakulima wa pale wasivyokubali ua moja la theluji liingizwe ndani ya nyumba, kwa kuwa, wanasema, ua hilo humwita maiti aje. Watu wakatetemeka kwa raha. Ndipo sauti ya mwanamke ikauliza, taratibu, kutoka nyuma:

"Lile la manjano… nani aliliona kwanza?"

"Subira, dada yangu," Clive alijibu bila kutazama. "Utamu uko mwisho."

Tukapita kati ya miti mizee iliyokatwa kama kuta. Humo giza huwahi kuingia. Nilisikia harufu ya mnanaa, zile pipi kali ambazo Hester alizimung'unya akitembea.

"Nani aliliona kwanza?"

Yule mama wa kofia nyekundu akageuka. "Jamani, nani huyo anayeng'ang'ania? Mjibu basi, Bwana Garroway, tukanywe chai!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejitokeza. Wote wakanitazama mimi, kisha wakatazama nyuma yangu.

Mimi nilikuwa wa mwisho.

Nyuma yangu palikuwa na geti tu, na nilikuwa nimelifunga.

Clive aliacha kutania. Alitutangulia haraka hadi kwenye ghala la barafu, akapiga goti mbele ya ile miche mitatu. Ndivyo tunavyofanya sote: unapiga goti, unaegemeza mkono mmoja chini, na kwa kidole cha mkono wa pili unainua kichwa cha ua ili watu waone ndani.

"Hili hapa," alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Mnaona manjano haya? Yapo hapa tu."

"Nani…"

"Mimi!" Clive alipaza sauti. "Mimi ndiye niliyeliona. Mimi!"



Kisha mkono alioegemeza ukazama.

Nilifundisha elimu ya udongo chuo kikuu miaka thelathini. Udongo wa pale ni mfinyanzi mzito, na siku hiyo haukuwa umeganda. Haumezi mkono wa mtu. Lakini wa Clive uliingia hadi kifundo cha mkono, ukashikwa. Aliuvuta. Haukutoka. Nikamsogelea, nikainama.

"Edmund," alinong'ona. "Kuna vidole humu… Mwambie aniachie."

"Unajua anachotaka."

"Hester," akasema kwa pumzi. "Ni Hester aliyeliona."

Kutoka chini, karibu kabisa na uso wangu, sauti ikajibu:

"Pandisha sauti. Wa nyuma hawasikii."

Ndivyo alivyokuwa akiwafundisha waongozaji wapya.

"Ni Hester Pell!" Clive alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Yeye ndiye aliyeliona! Mimi niliiba!"

Mkono ukaachiwa. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo wa kuigiza, sehemu ya matembezi. "Huyu anajua kutisha!" alisema mama wa kofia nyekundu. Hawakuona vidole vitano vya Clive, vyeusi kama vimechomwa na barafu.

Kwenye geti la kutokea nilihesabu kumi na wanne.

Nilidhani yamekwisha. Siku ya tisa Muriel, mke wa Clive, alibisha hodi kwangu. Hakutaka kuketi.

"Shemeji, nakuomba. Kila jua likizama anapiga goti kwenye zulia, analitaja jina la Hester mpaka sauti inakauka. Weusi umefika kwenye kiwiko. Daktari anasema ni baridi… ndani ya nyumba yenye joto, shemeji! Ameshasema. Barua ameandika, medali karudisha, kibao kina jina la mkeo. Anataka nini tena?"

"Sijui."

"Basi muulize. Wewe atakusikiliza."

Alipoondoka niliwasha taa moja, nikaketi. Nje kulikuwa kunaingia giza. Polepole chumba kilijaa harufu ya mnanaa, na nyuma ya kiti changu ubao wa sakafu ukalia.

"Edmund," alisema. Alikuwa mpole, kama alivyokuwa daima. "Inatosha?"

Sikugeuka. Nilimkumbuka siku ya medali, amesimama safu ya nyuma na koti lake la kanisani, akimpigia Clive makofi kwa adabu. Nilimfikiria Muriel pia. Nilijua weusi ule, baada ya kiwiko, utafika wapi.

"Bado," nilisema.