Aliyeshuka Bila Uzito

Nzisa alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na mumewe akainywa mpaka tone la mwisho.

"Chai iko sawa?" akamuuliza, baada ya kuonja ya kwake na kuitema.

"Iko sawa," Mutunga akasema.

Asiyemjua Mutunga angesema ni ungwana. Lakini majirani wa mtaa wa Jericho walimjua: ukimwambia leo ni Jumatatu, atataka kuona kalenda. Miaka sita ya ndoa na hajawahi kukubali jambo bila kulibishia kwanza. Tangu arudi jana kutoka kaskazini, kila kitu kilikuwa ndiyo. Ndiyo, dirisha lifungwe. Ndiyo, lifunguliwe. Tena alikuwa ameoga mara mbili, na bado nyumba ilinuka mawe yaliyoungua juani.

Nzisa si mtu wa kuzungukazunguka. Mchana kweupe aliketi mbele yake akamtegea uongo.

"Namkumbuka sana mtoto wetu tuliyemzika kule Mwingi."

"Hata mimi," akasema, na machozi yakamjaa. "Alikuwa na macho yako."

Nzisa hakuwahi kuzaa.

Alijitupia leso mabegani, akasema anaenda sokoni, akashika njia ya viwandani, Industrial Area. Huko Mutunga na mwenzake Owen hupaka rangi matangi marefu wakining'inia kwa kamba. Owen alikuwa kibandani anakula githeri.

"Niaje, shemeji! Umeniletea chapati?"

"Owen, mliniletea nani?"

Kicheko kikamkauka Owen. Alitazama huku na huku, akasogea.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mumin, wanayefanya naye kazi, aliwaalika kwao pembeni mwa jangwa la Chalbi wakashuke korongo kavu. Korongo rahisi, la kupigia picha tu: kuta nne fupi, na iliyo ndefu haizidi ghorofa tatu. Kamba hupitishwa kwenye pete iliyopigiliwa mwambani. Wa mwisho akishashuka, wanaivuta chini waende nayo ukuta unaofuata. Ikishavutwa, aliye juu hana pa kupitia, mbele wala nyuma.

"Ukuta wa tatu," Owen akanong'ona. "Mutunga alibaki wa mwisho. Mimi nilishika kamba huku chini, Mumin ametangulia mbele. Kuna jiwe limetokeza, humwoni mtu mpaka akufikie. Akafika. Lakini shemeji, kamba haikukaza. Kilo themanini zimeshuka na mkono wangu haujasikia kitu."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Mtu amesimama mbele yangu!"

"Endelea."

"Tukasikia huko juu: 'Msivute! Mimi bado!'"

"Sauti ya nani?"

Owen aliangalia sahani. "Yake. Nikamuuliza huyu aliye kando yangu, huo ni mwangwi, sivyo? Akasema, ndiyo, ni mwangwi. Nikavuta."

"Mwanaume mzima! Umemwacha mtu jangwani kwa kuogopa kuitwa mwoga!"

Nzisa alimpigia Mumin simu papo hapo. Mumin alikuwa bado kwao, na hakubisha.

"Kwetu ukisikia kamba tupu, unamwita mtu kwa jina lake na la mama yake kabla ya kuvuta," akasema kwa sauti ya chini. "Mbona Owen hakuniambia? Shemeji, nipe muda wa saa tatu. Rudi nyumbani umshikilie huyo. Akijua namfuata Mutunga wa kweli, atanitangulia kule juu, na mimi nitaamini ndiye Mutunga."

Basi Nzisa akarudi. Alimpa sahani ya maharagwe achambue, akaketi karibu na mlango, akaongea kuhusu paa, kuhusu mfereji, kuhusu jirani yao Njoki na kwaya yake, akaongea bila kupumzika kwa sababu kila aliponyamaza alisikia mchanga mwembamba ukimwagika mahali fulani ndani ya kifua cha yule mtu, ukimwagika polepole kila alipoinama kuokota kijiwe, na kila alipoinua uso kusema ndiyo ulinyamaza, na harufu ile ya mawe ikazidi kuwa kali mpaka koo likamkauka, naye hakuthubutu kunyanyuka kunywa maji asije akampa mgongo.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia.

"Nimemfikia," Mumin alihema, mtandao ukikatika. "Nilimwita kwa jina lake na la mama yake, akaitika. Yuko hai. Alikunywa maji ya kidimbwi cha jiwe. Huyu hapa."

"Nzisa?" Sauti ilikwaruza.

"Pole, mume wangu. Siku mbili juu ya mwamba…"

"Mbili wapi! Hujui kuhesabu? Mbili na nusu!"

Nzisa alilia huku anacheka. Kisha akasikia kwamba maharagwe hayagongi tena sahani.

Alijifuta uso. Woga ulikuwapo, lakini hasira ilikuwa imeutangulia.

"Wewe si mume wangu."

"Ndiyo," yule akasema. "Mimi si mume wako."

"Mume wangu anarudi hapa."

"Ndiyo. Anarudi."

"Basi toka nyumbani kwangu."

"Ndiyo," akasema kwa upole. Akainuka, akafunga mlango kwa komeo la ndani, akarudi akaketi.