Sindano Katikati ya Godoro

Mke wa Fundi alikuwa amekwisha kufika kwenye kona ya kinyozi. Kichwani alibeba sanduku la bati. Nyuma yake alifuata binti yao, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo usiochoka. Siku hiyo Chiriku hakusema neno.

Fundi alisimama mlangoni. Alitaka kuwakimbilia. Lakini angekimbia, nani angebaki na godoro la chumbani?

Basi alisimama tu, akatazama. Kona ikawameza.

Uani, godoro la mwenye duka la baiskeli lilikuwa limesimama kwa ubavu, halijamalizika. Sindano ilikuwa imeingia nusu. Fundi alikuwa ameisukuma tangu wiki iliyopita, na hapakuwa na mtu upande wa pili wa kuivuta.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Fundi na Mama Chiriku walishona magodoro ya sufi, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Godoro likishajazwa, husimamishwa kama ukuta. Mmoja hukaa huku, mwingine kule. Hawaonani. Wa huku hugonga kwa kiganja mara mbili, maana yake: sindano inakuja, toa mkono. Wa kule hugonga mara moja, maana yake: ilete. Hapo sindano ndefu hupenya, huvutwa, halafu hurudishwa. Pu-pu. Pu. Kutwa nzima ni hivyo.

Mama Chiriku alikuwa na wimbo wake. Haukuwa na maneno. Aliuimba puani, na Fundi alizoea kuvuta uzi kwa kuufuata. Wimbo ukikawia kidogo, alijua mwenzake anafunga fundo.

Na walitaniana humohumo, ukuta wa sufi ukiwa katikati.

"Baba Chiriku, umelala?"

"Nimelala. Nakushonea ndotoni."

"Ndiyo maana mshono umekwenda upogo."

Mama yake Fundi, ambaye wote walimwita Bibi, alikaa kizingitini akichambua mbegu kwenye sufi. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo alichambua kwa vidole. Alikuwa akisema kwamba nyumba ile haina kitu ila kelele, na akisema hivyo alikuwa akicheka.

Kisha kikaja kiwanja. Baba yake Fundi alikufa akamwachia kipande cha ardhi nje ya mji. Kilikuwa mawe matupu. Hata mbuzi walipita wakikidharau. Barabara kubwa ilipopita hapo, watu wa maghala wakakitaka, wakakinunua. Fundi alirudi nyumbani na mfuko ameukumbatia kama mtu anayeumwa tumbo.

Jirani yao, dada mmoja, alikuwa karani katika chama cha akiba na mikopo. Alipita jioni ile kutoa pongezi. Akamshauri Fundi wafungue akaunti, yeye na mkewe, majina yote mawili.

Fundi alicheka. "Jirani, pesa haijawahi kunitembelea maisha yangu yote. Leo imekuja, nikaipeleke ikalale kwa watu?"

Karani hakubishana naye. Alisema mlango wa ofisi uko wazi, akaaga.

Kila mtu huficha kitu kwa ujuzi wake. Mvuvi angejua pa kuficha, na mwashi angejua pake. Fundi alijua godoro. Alifumua godoro lao wenyewe upande wa mchagoni, pa kuwekea kichwa, akazizika noti ndani ya sufi, akashona. Yeye alitumia mkono wa kushoto, na fundo lake lililalia kushoto. La mkewe lililalia kulia. Mtu mwingine asingeona tofauti. Wao wawili waliiona kama mtu anavyoona uso wa nduguye.

Hilo ndilo lililowaponza.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha. Bibi aliuliza kama sasa anaweza kwenda kutolewa ukungu wa macho, maana hospitali walikwisha kumwambia kwamba inawezekana. Fundi akamwambia angoje kidogo. Alitaka pesa izae kwanza. Alikuwa akiwaza lori. Hakumwambia mtu.

Mama Chiriku naye alikuwa akiwaza duka la vitambaa. Naye hakumwambia mtu. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa akiitumia pesa ileile kichwani mwake, yote, peke yake.

Ikawa lazima mtu akae chumbani kulinda. Fundi akiwa uani, mkewe yuko chumbani. Mkewe akiwa uani, Fundi yuko chumbani. Upande wa pili wa godoro la kazi ukabaki mtupu. Wateja wakaja kuuliza, wakaja tena, halafu wakachukua sufi yao wakapeleka kwingine. Chiriku alikatazwa kuleta wenzake nyumbani. Wimbo ukakoma, wala hakuna aliyekumbuka ni siku gani.

Halafu asubuhi moja Fundi aliinua shuka la mchagoni akaona fundo limelalia kulia.

Alimwita mkewe, akamwonyesha, akamwita mwizi mbele ya mama yake na mbele ya mtoto.

Mama Chiriku hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema, "Nilifungua nihakikishe kama hujachukua. Kwa sababu wiki iliyopita nilikuta fundo lako jipya juu ya fundo lako la zamani. Ulifungua kabla yangu, Baba Chiriku. Sikukuita mwizi. Nilinyamaza."

Ilikuwa kweli. Fundi alikuwa amefungua, akatazama, akashona. Hakuna aliyechukua kitu. Walikuwa wakipelelezana tu, kila mmoja kwa uzi wake.

Fundi angeweza kuomba radhi hapo. Alichosema ni kwamba pesa ilitoka kwenye kiwanja cha baba yake, si cha baba yake mkewe. Mama Chiriku alimtazama kidogo. Kisha akaingia ndani kutoa sanduku la bati chini ya kitanda.

Nyumba ikatulia, wiki zikapita. Fundi alidhani atapumzika. Hakupumzika. Aliamka akisikiliza upande wa pili wa kitanda. Alichemsha chai ya watu wanne, wakanywa wawili. Mara moja alisahau, akakaa mbele ya lile godoro la mwenye duka la baiskeli, akagonga mara mbili. Akangoja. Kuku tu ndiye aliyepita.

Bibi alikuwa kizingitini. "Umegongea nani?" akauliza.

"Hakuna, Mama."

"Mimi sioni, lakini ile kelele tuliyokuwa nayo nilikuwa naiona. Sasa ndiyo nimekuwa kipofu."

Fundi aliinuka. Alichukua mkasi, akaingia chumbani. Alitaka kuitazama hiyo pesa, aone ina uzuri gani.

Sakafu ya chumba ilikuwa na unyevu, na sufi ni kitu kinachovuta maji. Alipofumua, harufu ya ukungu ilimpiga usoni. Kisha alisikia mlio mdogo. Panya alikuwa ametoboa kutoka chini akazalia humo. Watoto wake, wekundu kama ncha za vidole, walikuwa wamelala juu ya noti zilizotafunwa laini kuliko sufi yenyewe.

Fundi alikaa sakafuni. Alikuwa amemlinda panya dhidi ya mkewe.

Karani, aliyeitwa na Bibi, alimkuta hapohapo. Hakumcheka. Alivua viatu akakaa naye, wakaanza kutenga noti nzima, zilizochanika, na zilizokwisha kabisa. Alimweleza kwamba baadhi ya zile zilizochanika huenda benki wakazibadilisha, wataamua wao. Zilizobaki nzima zilikuwa bado nyingi.

"Sasa nifanye nini, Dada Karani?" Fundi aliuliza. "Nifundishe kama mtoto."

"Pesa ya ghafla ni kama mgeni asiyejulikana," Karani alisema. "Usimpe funguo za nyumba siku ya kwanza. Iweke mahali salama, muiache itulie. Msinunue kitu kikubwa kwa pupa. Na kazi yenu msiiache, maana kazi ndiyo iliyowalisha kabla pesa haijaja. Halafu kaeni wote, hata Bibi, kila mtu aseme anataka nini. Aseme kwa mdomo. Mkikubaliana, fungueni akaunti ya saini mbili. Hapo hakuna wa kumlinda mwenzake. Wewe peke yako huwezi kutoa, na yeye peke yake hawezi."

"Nikitaka lori?"

"Utamwambia unataka lori. Akikucheka, utajua mapema."

Fundi alizipanga noti upya. Kisha akasema kwamba saini ya pili iko kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ng'ambo ya mji.

"Utamwambia nini?" Karani aliuliza.

"Maneno nilimpa mengi. Nitampelekea kazi."

Alimwachia Karani noti zilizobaki, akapewa stakabadhi. Aliazima mkokoteni. Akalipakia godoro la mwenye duka la baiskeli, sindano ikiwa vilevile nusu ndani nusu nje, akasukuma. Watu wa njiani walimtazama. Mmoja alimuuliza kama amefukuzwa nyumbani. Fundi alijibu kwamba karibu.

Shemeji yake alikuwa mchomeleaji. Alizima moto wake, akavua miwani, akalitazama godoro. "Shemeji," alisema, "unahamia?"

Fundi alisalimu kwa heshima, akaomba nafasi uani. Alilisimamisha godoro kwa ubavu kati ya mageti mawili yaliyokuwa bado hayajapakwa rangi. Akakaa upande wake. Hakuita mtu. Aligonga mara mbili.

Ndani ya nyumba alisikia sauti ya Chiriku ikinong'ona, "Mama, Baba amechanganyikiwa."

Alingoja. Jua lilimpiga utosini. Aliogopa kugonga tena, kwa sababu mtu akigonga mara nne haina maana yoyote. Kisha alisikia kandambili zikiburuzwa, na kigoda kikivutwa.

Pu.

Sindano ikaondoka machoni pake, ikaingia godoroni, ikaenda.

"Baba Chiriku," sauti ilisema upande wa pili.

"Naam."

"Lile fundo la kwanza, kwa nini ulilifungua?"

Fundi angeweza kudanganya. Ukuta ulikuwa katikati, uso wake haukuonekana. "Nilikuona unatabasamu peke yako jikoni. Nikadhani una siri."

Uzi ulibaki umesimama. "Nilikuwa nayo," Mama Chiriku alisema. "Duka la vitambaa."

"Mimi lori."

"Lori? Wewe hata baiskeli inakuangusha."

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Lakini aligonga mara mbili, na sindano ikarudi.

Walivyoendelea kushona, Fundi alimweleza habari za panya, na za Karani, na za saini mbili. Alimwambia kwamba neno alilosema kuhusu kiwanja cha baba yake lilikuwa baya kuliko lile la mwizi. Uzi ulivutwa kwa nguvu.

"Na macho ya Bibi?" sauti iliuliza baadaye.

"Hayo kwanza. Kabla ya kitu chochote."

Fundo la mwisho lilifungwa. Lililalia kulia.

"Kazini nitakuja," Mama Chiriku alisema. "Kulala, bado."

Mwenye duka la baiskeli alipewa godoro lake bila malipo kwa ajili ya kuchelewa. Mpaka leo analalamika kwamba lina kinundu.

Bibi alipasuliwa macho. Moja lilirudi vizuri, jingine halikurudi. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba mwanawe amezeeka.

Pesa iliyobaki iko chamani, kwa saini mbili. Sehemu yake ilinunua mashine ya kuchambulia sufi, na sehemu inalipa masomo ya Chiriku. Lori halikununuliwa, wala duka. Godoro la chumbani lilichomwa moto. Karani bado anakaa kwenye meza ileile.

Mama Chiriku alikuja kazini kila asubuhi na kurudi kwa kaka yake kila jioni, msimu mzima wa mvua. Mvua zilipokwisha, alirudi na sanduku lake la bati. Chiriku anaongea kama zamani.

Wimbo haujarudi. Fundi hajauliza. Kila akikaa upande wake hugonga mara mbili, na mwenzake akishajibu, husikiliza kidogo kabla ya kusukuma sindano.