Mkate wa Hospitali

Kila alfajiri mimi nilikuwa wa kwanza kuamka mtaani. Nilikanda unga, nikawasha tanuri, na jua likichomoza gari la hospitali lilikuwa mlangoni kuchukua mikate mia mbili. Kazi hiyo ilikuwa yangu kwa miaka tisa. Niliringa nayo, sikatai.

Mdogo wangu naye alioka, kule juu kilimani, kwa tanuri dogo. Mama yetu alitufundisha sote wawili, lakini mkate wa mdogo wangu ulikuwa laini kuliko wangu. Watu walisema hivyo mbele yangu, tena kwa utani. Nilicheka nao huku roho inaniuma.

Kisha mto ukafurika. Kwangu maji yalifika kiunoni. Tanuri likabomoka, unga ukawa uji. Kwa mdogo wangu hata ufagio haukulowa. Kusema kweli, hilo liliniuma kuliko tanuri.

Siku ya tatu akaja mtunza stoo wa hospitali.

"Pole sana, mama. Vipi mdogo wako? Tanuri lake ni zima?"

Wivu ukanikaba. Nikaliwazia gari la hospitali likipanda kilima kwenda kwake.

"Naye yamemkuta, mvua imebomoa tanuri lake," nikasema. "Hana hata kijiko."

Alitikisa kichwa, akaondoka. Tangu siku hiyo mkate wa hospitali ulitoka mji wa mbali, kwa lori.

Mdogo wangu alikuja kunijulia hali.

"Dada, njoo tuoke wote kwangu. Wateja wenyewe siwaoni, lakini tujaribu."

"Niache nipumzike," nikamjibu bila kumtazama.

Wiki ya pili mume wangu alirudi nyumbani mapema. Yeye ni mpakiaji wa kiwanda cha unga.

"Wametusimamisha kazi watu sita," akasema huku anavua viatu.

"Si maji hayakufika kiwandani?"

"Hayakufika. Ila waokaji wa huku hawanunui unga."

Jioni hiyo alikuja jirani yetu, karani wa ofisi ya maafa. Mtaani tunamwita Bwana Daftari, maana hata msibani huja nalo. Alikuwa anaandika hasara za kila nyumba. Nikamtajia tanuri, magunia ya unga na trei zilizosombwa.

"Hiyo ni hasara ya kwanza, vitu vilivyoharibika," akasema. "Ya pili ni kazi iliyosimama. Watu hawaioni, na mara nyingine ndiyo kubwa zaidi."

"Kivipi?" mume wangu akauliza.

"Wewe maji hayakukugusa, lakini huna kazi. Huna mshahara, basi muuza mboga humnunulii, naye anakwama. Asiye na kipato atalipa kodi gani? Na serikali nayo inatafuta fedha za kujenga daraja lililosombwa. Itazichukua kwenye zahanati iliyokuwa ijengwe mwakani. Kwa hiyo hata anayekaa mbali na mto, mafuriko haya yatamfikia."

"Sasa tufanye nini?"

"Kilichobaki kizima kifanye kazi haraka. Hapo kilimani kuna tanuri. Nashangaa hospitali inanunua mkate mbali."

Mume wangu alinigeukia.

"Mimi ndiye niliyewaambia limeharibika," nikasema.

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Kesho yake nilikwenda hospitali, nikasema yote. Mtunza stoo alikunja uso.

"Wagonjwa wangu wanakula mkate wa juzi, mama." Akafungua kitabu cha oda. "Haya, niandike jina la nani?"



"La mdogo wangu. Mimi nitakanda."

Tukaanza kuoka pamoja kwake kilimani, ila ule uongo sikumwambia. Waokaji wengine nao wakarudi kazini, kiwanda kikauza unga tena, na baada ya wiki chache mume wangu akaitwa kazini. Kwa ushauri wa Bwana Daftari, msingi wa tanuri langu jipya tuliuinua kupita alama ya maji ukutani. Unga sasa unakaa kwenye rafu za juu. Mtaa mzima ulitoka kuzibua mfereji. Tena tumekubaliana na mdogo wangu: tanuri la mmoja likiharibika, la mwenzake litaoka kwa wote wawili.

Siku tuliyowasha tanuri jipya, mdogo wangu alikuwa anapanga trei.

"Dada, kuna jambo linanisumbua," akasema. "Zile wiki mbili, mbona hospitali hawakuja kwangu? Nilidhani mikate yangu ni mibaya. Nililia sana."

Ningeweza kunyamaza. Nikamweleza nilivyomdanganya mtunza stoo. Aliweka trei chini.

"Mikate yako ni mizuri kuliko yangu," nikasema. "Ndiyo maana nilidanganya."

Akaiokota tena trei.

"Kumbe ulikuwa unajua kuwa ni mizuri," akasema.