Simu Kabatini, Inarekodi Miguu Yangu!

Simu ya mkwe wangu ilikuwa ndani ya kabati langu... inarekodi!

Imeegemezwa kwenye mtandio wangu mweusi, jicho lake linatazama kitandani, upande wa miguu.

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, msiniulize nilijisikiaje. Nilitamani kumnyonga mtu!

Ngoja niwape kisa.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Mwaka jana miguu yangu ilianza vituko. Nikikaa au nikilala tu, ndani ya vigimbi kunatambaa kama sisimizi. Nikitembea, kunatulia. Nikirudi kulala... mateke!

Mkwe, mke wa mwanangu wa pekee, akapata cha kusema.

"Mama, bado unaendesha cherehani kitandani?"

"Nashona mdomo wako, mwanangu. Ni mpana, kazi haiishi."

Akaninunia. Kisha akaanza kunipa vidonge vya mafua ili nisinzie. Miguu ikazidi wazimu!

Siku moja nikamsikia jikoni anamwambia mume wake:

"Mama yako kachanganyikiwa. Apelekwe nyumba ya wazee."

"Hebu tuite kikao kwanza," mwanangu akajibu.

Kikao! Kunitoa kwenye nyumba niliyoijenga kwa kukanyaga pedali miaka thelathini!

Nikaenda zahanati kimyakimya. Muuguzi hakuwa na masihara.

"Bibi, chai unakunywa saa ngapi?"

"Niulize saa ambayo sinywi."

"Kahawa ya jioni, acha! Na vidonge vya mafua vya kusinzisha, vingine vinachochea miguu hiyo. Acha!"

Akapima damu. Madini ya chuma yako chini! Akanipa vidonge vyake, akanionya nisijiongezee dozi kwa kichwa changu. Chai nikaiweka mbali na chakula. Jioni nazunguka nyumba, naegemea ukuta nanyoosha vigimbi, natia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nakanda, nalala saa ileile kila siku.

Wiki ya sita... nikalala kama gogo. Sikumwambia mtu.

Sasa turudi kabatini. Ilikuwa Jumamosi mchana, kikao kesho yake. Ningeweza kuipasua ile simu. Nikaiacha palepale, nikatoka zangu nacheka.

Jumapili sebule ikajaa ndugu. Hata mama mzazi wa mkwe alikuwepo, kaja tangu jana kumsimamia binti yake.

Mkwe akaunganisha simu na televisheni, kidevu juu.

"Mnasema namsingizia. Haya, tazameni wenyewe!"

Kwenye kioo, mtu kajifunika shuka gubigubi. Tulivu... Mara teke! Teke! Shuka linaruka!

"Mnaona? Huyu ni wa kukaa na watu huyu?"

Mwanangu akainamisha kichwa. Shemeji yangu akaguna. Mimi natafuna karanga zangu.

Mara yule wa kwenye shuka akaketi ghafla, akasugua vigimbi, akaita:

"We binti! Niletee maji!"

Mungu wangu... alikuwa mama yake mwenyewe!

Mama mtu akasimama, mkono kiunoni.

"Umenirekodi nimelala?!"

"Mama, mimi sikujua... niliangalia mateke tu!"

"Mimi sio wa kukaa na watu, eti? Nifungashe mizigo niende nyumba ya wazee?!"

Mnauliza nani alimlaza kitandani kwangu? Ni mimi! Alifika Jumamosi ile, kila akikaa anasugua miguu, anainuka, anakaa. Nikamjua mgonjwa mwenzangu. Mkwe akiwa sokoni, nikamwambia, "Mama mwenzangu, kapumzike kwangu, kuna godoro zuri."

Mwanangu akazima televisheni.

"Mama haendi popote. Kikao kimekwisha."

Lakini uhondo ndio huu: mama mwenzangu kagoma kuondoka! Nilimpeleka kwa yuleyule muuguzi, naye anapimwa kivyake, na kwangu kahamia, huu ni mwezi wa tatu. Jioni tunasukuma ukuta wawili, tunamsema mkwe hadi tunaishiwa pumzi.

Somo, wanangu: miguu isiyotulia ni ugonjwa. Sio wazimu, sio majini. Nenda kapime damu, na vidonge vya kusinzisha visiwe vya kupeana kama pipi. Na mzee wa watu usimwekee kamera chumbani!

Naishia hapa. Mkwe kaja na mabeseni mawili, kanuna hadi mashavu yanataka kupasuka.

"Maji yana joto la kutosha, mama?"

"Bado, mwanangu. Rudi ukachemshe tena."