Abiria Aliyebaki na Kamera

"Unashuka tena?"

"Dakika tano tu, bibie. Mwanga wa hapa si wa mchezo."

"Konda katupa kumi za kunyoosha miguu, na nne zimeshaisha."

"Basi zimebaki sita. Mimi naomba tano." Akabusu vidole vyake, akalibandika lile busu kwenye paji la uso la mchumba wake, akaruka ngazi za basi huku kamera inamgonga tumbo.

Mchumba mwenyewe, msusi wa nywele, akabaki amekaza taya. Hii ilikuwa stendi ya tatu tangu asubuhi. Kwenye mbili za kwanza dereva alimpigia honi, abiria wakamsonya, na akina mama wa viti vya nyuma walishampa jina: Bwana Picha. Na safari yenyewe wala haikuwa ya picha. Walikuwa wanakwenda kwa baba yake msusi, kijana ajitambulishe, tarehe ya ndoa ipangwe. Saa kumi mzee anawasubiri, na mzee akisema saa kumi anamaanisha saa kumi.

Sasa umjue huyu bwana. Fundi simu, hodari kweli, ila hatulii. Alinunua gitaa, likadumu miezi miwili. Akafuga kuku, wiki sita. Akajiandikisha kuogelea, akarudi na mafua, ikaishia hapo. Wiki iliyopita kaja na kamera ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi, na lenzi zake mbili: moja fupi, nyingine ndefu kama chupa ya chai. Kamera ya kwanza maishani mwake. Tangu siku hiyo kula hali vizuri, kukaa hakai.

Msusi akamtafuta dirishani, akamwona. Kapiga magoti kando ya kibanda cha kuziba pancha, anajikinga na upepo. Lenzi fupi kaibana kwapani, kifuniko kaking'ata kwa meno, anahangaika kuikaza ile ndefu. Basi kaligeuzia mgongo. Dereva akawasha injini, hata hakugeuka.

Konda akapanda, akapitisha macho kwenye viti. "Kuna mtu yuko chini?"

Na wewe atakuchoka, moyo wa msusi ukamwambia. Kama gitaa.

Akayatoa macho dirishani, akatikisa kichwa. "Hakuna."

Basi likaondoka.

Simu ililia kabla hawajamaliza mteremko. Akaitazama mpaka ikakata. Ikalia tena.

"Haloo."

"Bibie, basi limeniacha." Alikuwa anahema.

"Limekuacha?"

"Limeniacha. Konda atakuwa amehesabu vibaya. Si unawajua hawa watu."

Hapo ndipo pa kusema.

"Labda," akajibu.

Upande wa pili ukasikika upepo tu.

"Haya. Wewe nenda, usimcheleweshe mzee. Mimi natafuta lifti. Begi langu lipo?"

"Lipo."

"Lishike vizuri. Na picha zako nimepata, usiwe na wasiwasi. Ile ya asubuhi, umelalia kioo, nywele zimekufunika jicho, ile naikuza naitundika sebuleni kwetu."

Kwetu. Msusi akakata simu bila kuaga.

Baada ya kiti kitupu cha fundi alikaa mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Muda wote alikuwa amefumba macho. Akasema bila kuyafumbua:

"Mwanangu, mimi si mmbea."

"Ndiyo, mama."

"Ila masikio ninayo. Konda kauliza, wewe ukasema hakuna."

"Mama, haya mambo..."

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Ana kamera."

Mama akafumbua jicho moja. "Hilo kosa jipya kwangu. Wangu alikuwa na mwanamke, na bado sikumtupa njiani."

Msusi akacheka, kicheko kikageuka kilio, akafungua begi la fundi kutafuta kitambaa. Chaja. Soksi. Shati jeupe la kuonana na mzee, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Chini ya shati, kijiboksi cha plastiki. Ndani yake memori kadi mpya, haijawahi kuguswa.

Akaigeuza, akaigeuza tena. Jana alimsikia kwa masikio yake: "Nimechukua kadi moja tu, kubwa, inatosha safari nzima." Na kwa kuwa betri nayo ni moja, aliapa haangalii picha hata moja mpaka wafike. Maana yake tangu asubuhi bwana mkubwa anapiga, na hakuna kinachobaki. Fundi simu mzima. Dukani kwake anauza hizo hizo kadi.

Akashika simu. Akaandika, "Kadi yako..." Akafuta. Akaandika, "Konda hakukosea." Akafuta. Wakati huo huo ujumbe ukaingia:

"Nimepata lori la saruji. Mzee akiuliza, mwambie nimechelewa kwa uzembe wangu. Usimtupie konda lawama, ana kazi yake ya kulinda."

Ule ujumbe aliusoma mara tatu. Mara ya nne akasimama.

"Konda, nishushe njia panda."

"Dada, wewe si unakwenda mpaka mwisho?"

"Ulipouliza kama kuna mtu chini, nilikudanganya. Alikuwepo. Akija kulalamika mtu yeyote, kosa ni langu."

"Bwana Picha?"

"Ndiye."

"Nami nikashangaa basi limetulia hivi," konda akasema, akagonga bati, basi likasimama.

Njia panda palikuwa na duka moja na benchi. Msusi, begi la fundi begani, hakukaa. Alilizunguka lile duka, akasimama barabarani, akarudi, akahesabu malori mpaka akachanganya hesabu. Saa kumi ikapita. Mwishowe lori moja likapunguza mwendo, akashuka mtu mweupe kwa vumbi la saruji, kuanzia nywele mpaka kope. Kamera kaificha ndani ya shati.

"Mbona uko hapa?"

"Konda hakukosea. Aliniuliza, nikasema hakuna mtu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilipoikaza ile lenzi nikageuka niijaribu, nikaielekeza dirishani kwako. Ukaja karibu kama hivi ulivyosimama. Konda kauliza, ukatikisa kichwa."

"Na hukupiga kelele?"

"Nilipiga picha." Akaangalia chini. "Kidole kilishabonyeza. Halafu miguu ikagoma."

"Lakini kwenye simu..."

"Nilikupa nafasi ya kuniambia. Hukuniambia. Dereva wa lori kaniuliza mara mbili kama nageuza nirudi nyumbani."

"Kwa nini hukurudi?"

"Nataka unitajie kwa mdomo wako nimekosa nini."

Msusi akaliweka begi chini. "Gitaa miezi miwili. Kuku wiki sita. Mimi nina mwaka na miezi miwili, kila siku naamka nahesabu. Nikaona nikuache kabla hujaniacha."

Fundi akakaa kwenye benchi, vumbi likamtoka kama moshi.

"Gitaa lilinishinda. Kuku walikufa, na wewe ulilia kuliko mimi. Ni kweli situlii, na baada ya kamera nitaanza kingine, sikufichi. Ila kila nikianza kitu, nakimbia kumwonyesha nani?"

Msusi akaketi kando yake. "Mimi."

"Kuna siku nilikimbilia kwa mwingine?"

"Hapana."

"Basi hiyo hesabu yako iache." Akatoa kamera. "Na ile picha ya dirishani naifuta. Sitaki kuiona."

"Huna cha kufuta."

Akamwekea kijiboksi mkononi. Fundi akakitazama, akamtazama yeye, akafungua kidirisha cha kadi kwenye kamera. Kitupu.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile umelalia kioo?"

"Hakuna."

"Mimi ninauza hizi."

"Najua, mpenzi."

Akaanza kucheka, saruji ikapasuka mashavuni. Msusi naye akashindwa kujizuia. Kisha akamshika ule mkono wa vumbi.

"Picha haipo, lakini kosa nililifanya. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila siku nyingine ukinitupa, niachie begi."

Simu ikalia. Baba. Msusi akapokea bila kuachia ule mkono.

"Saa kumi imepita. Mko wapi?"

"Shikamoo, baba. Tuko njia panda. Mchumba wangu leo nilimtelekeza njiani, kwa makusudi. Akapanda lori la saruji, akanifuata."

Mzee akakohoa.

"Umemtelekeza, na bado amekufuata?"

"Ndiyo, baba."

"Mlete upesi, kabla akili hazijamrudia."