Majivu ya Shimoni

Ukuta wa sebule yetu umesoma kuliko mimi. Mimi nimeishia kidato cha nne. Ukuta una vyeti kutoka dirishani mpaka mlangoni, vyote vya mama, vyote vya semina. Mama ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Akienda semina, hurudi na fulana isiyomtosha na kiherehere kisichokwisha.

Semina ya mazingira ndiyo iliyotutia matatani.

Siku hiyo mama alirudi mapema, cheti mkononi.

"Imekwisha saa hizi?" nikamuuliza.

"Vyeti vimegawiwa kabla ya chakula. Nani angekaa tena? Tumekula, tumeondoka."

"Kwa hiyo somo nusu, cheti kizima."

"Wewe, mdomo huo utakuponza! Nilichokitaka nimekipata. Majivu, mwanangu. Majivu ni mbolea!"

Shuleni kwake kulikuwa na shimo la taka nyuma ya vyoo. Walichoma humo kila kitu: mifuko ya plastiki, betri za redio, madawati mabovu yenye rangi. Majivu yalikuwa tele, tena ya bure. Mama akayachota, akaanzisha bustani ya mchicha. Kila mwanafunzi wa darasa lake akapewa tuta.

Mdogo wangu wa kike yumo darasani humo. Tunamwita Kijiko kwa sababu habanduki kwenye sufuria. Mtoto asiyetaka kuoga alimwagilia tuta lake asubuhi na jioni.

Mchicha ukastawi mpaka ukang'aa. Watoto wakaula shuleni mchana. Kijiko akaleta fungu nyumbani, tukala, tukasifu. Mwalimu mkuu naye akaalika wageni waje kuiona bustani.

Kabla ya wageni, akaja mwezeshaji, yule mwanamke aliyeongoza semina. Huwa anawatembelea walimu kuona wanafanya nini. Mimi nilikuwepo, nikikaza uzio. Kazi ya bure, bosi mama.

Mwezeshaji akachuchumaa, akachokonoa udongo kwa kijiti. Kikatoka kipande cha betri.

"Mwalimu, haya majivu ni ya nini?"

"Ya shimoni. Si ulisema majivu ni mbolea?"

"Nilisema ya kuni zisizo na rangi, tena kidogo tu. Baada ya chakula nikaeleza majivu yasiyofaa. Ulikuwepo?"

Mama akatazama viatu vyake.

"Betri na rangi zinaweza kuwa na risasi," mwezeshaji akasema. "Risasi ni madini yenye sumu. Moto hauimalizi. Inabaki kwenye majivu, majivu yanaingia udongoni, mboga inainyonya. Huioni, wala huionji. Mtoto akiila kidogo kidogo, inaweza kudhuru ubongo wake."

"Tukiosha vizuri? Tukichemsha sana?"

"Utaosha vumbi la juu. Iliyo ndani ya jani haitoki, hata uchemshe mpaka jioni."

"Na waliokwisha kula?"

"Siwezi kukudanganya, mwenzangu. Kwa macho sijui. Wazazi waambiwe. Watoto wapelekwe hospitali, waombe kipimo cha damu."

Mwalimu mkuu akatuita ofisini.

"Wageni wanakuja kesho kutwa," akasema. "Waione bustani, waondoke, ndipo mng'oe. Kimya kimya."

"Na watapikiwa mchicha?" nikauliza.

"Hapana!" Alijibu upesi mno. "Wao watakunywa soda."

Mama akamtazama. "Kumbe umeelewa, mkuu."

"Nimeelewa kwamba ukisema, utasema kwa jina lako. Shule haimo."

Kesho yake mama alisimama mbele ya darasa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliwafundisha vibaya. Niliondoka kabla somo halijaisha, nikaja kuwafundisha nusu. Ule mchicha una sumu."

"Lakini mwalimu," Kijiko akasema. Shuleni humwita mwalimu. "Wewe si ndiye uliyesema tule?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Mwezeshaji alitueleza namna ya kung'oa. Tulilowesha udongo kwanza ili vumbi lisiruke. Tulivaa glavu. Watoto walikaa mbali. Mboga tulizitia kwenye magunia. Hatukumpa mtu, wala mbuzi.

"Hata tuta langu?" Kijiko akapiga kelele kutoka mbali.

"Hata la kwako, mama," mama akajibu, na akaling'oa yeye mwenyewe.

Wazazi walikuja juu. Mmoja alimuuliza mama, "Cheti chako ulikisomea au ulikiokota?" Wageni walionyeshwa uwanja wa mpira. Mwalimu mkuu akamnyang'anya mama klabu ya mazingira aliyokuwa akiiongoza, akampa mtu mwingine. Nilitafuta mzaha wa kumchekesha mama, sikupata.

Wazazi wachache waliwapeleka watoto kupimwa. Wengine mpaka leo hawajui. Kijiko alikutwa na risasi kwenye damu.

"Tutamfuatilia," daktari akasema. "La kwanza, nyingine isiingie. Ale vizuri, anawe mikono, asicheze kwenye udongo ule."

Mwezeshaji na mama walirudi kwa mwalimu mkuu na karatasi ya daktari. Safari hii alisikiliza. Shimo likafukiwa, hakuna tena kuchoma. Betri zinatiwa kwenye ndoo yenye kifuniko, zinakabidhiwa wanaozikusanya. Plastiki inatengwa. Maganda na majani yanaozeshwa, ndiyo mbolea. Bustani ya zamani imezungushiwa uzio na kupandwa nyasi. Hapalimwi chakula tena. Matuta mapya yako upande wa pili, kwenye udongo safi.

Kijiko alipopimwa tena, risasi ilikuwa imepungua. Imepungua, haijaisha.

Mama bado anakwenda semina. Sasa huondoka pamoja na wafagiaji. Cheti kile cha mazingira amekibandua ukutani.

Juzi alipeleka bustanini ndoo ya majivu kutoka jiko letu la kuni. Darasa zima likamzuia.

"Mwalimu, majivu ya nini hayo?"

"Ya kuni."

"Zilikuwa na rangi?"

"Hazikuwa na rangi."

Zamani neno lake lingetosha. Kijiko akachukua kijiti, akachokonoa ndoo mpaka chini, taratibu, huku mama amesimama kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Haya, mwalimu," Kijiko akasema. "Mwaga. Lakini kidogo."