Mama Kimya Afungua Ukurasa

Jirani zangu, vuteni viti niwaambie jambo. Msiniulize limetokea mtaa gani. Jiulizeni tu kama halijawahi kupita mlangoni kwenu.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na mlango wa maktaba, na kwa miaka kumi na miwili nimewaona wote wanaoingia na kutoka. Mengi nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe Mama Kimya.

Mama Kimya ni mkutubi wetu. Jina hilo tulimpa sisi, maana ndani ya maktaba ukikohoa mara mbili tu, kidole chake kiko mdomoni: "Shhh!" Watoto humwiga barabarani, naye hucheka. Asubuhi za maktaba ile zilikuwa tulivu. Feni inazunguka polepole, mtu anafungua ukurasa, muhuri unagonga kadi, pa! Kila kitabu kina kadi yake, na kadi za vitabu vilivyoazimwa Mama Kimya huzipanga kwenye kisanduku cha mbao chenye kufuli. Ukitaka kujua jirani yako anasoma nini, utatoka jasho bure. Bibi aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza, "Anachosoma mtu ni chake. Wewe gonga muhuri, nyamaza." Naye alinyamaza miaka ishirini na sita.

Basi ikaja barua kutoka ofisi kuu. Wasomaji wanapungua, ilisema. Kila maktaba ifungue ukurasa kwenye mitandao ya kijamii, wafuasi waonekane, la sivyo itafikiriwa upya kama bado inahitajika au ifungwe. Mama Kimya aliisoma mara tatu. Simu yake yenyewe ilikuwa ya vitufe, betri imefungwa kwa raba.

Lakini mwanamke yule hajui kushindwa. Alinunua simu janja, akaingia kwenye kibanda cha pili kutoka kwangu, kwa fundi simu, dada mmoja mwenye ulimi mkali na mikono myepesi. Akamwambia, "Nifundishe. Usinionee huruma."

Kila saa saba mchana walikaa pamoja, na mimi jirani nikipata burudani ya bure. Posti yake ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu namba, tarehe, na kichwa kilichopigiwa mstari: "YAH: KUFUNGULIWA KWA UKURASA WA MAKTABA." Mwisho akaweka sahihi na cheo.

"Mama!" fundi simu akashika kichwa. "Hii ni posti au barua ya kumfukuza mtu kazi?"

"Si lazima wajue imetoka kwa nani?"

"Wanajua! Jina liko juu hapo, kubwa kama ubao wa duka!"

Akarekebisha. Komenti zilipoanza kuja, alizinakili zote kwenye daftari, kisha akajibu moja moja: "Maoni yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi." Mtu ameandika "Hahaha" tu, naye anajibiwa hivyo hivyo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini mwezi wa pili ulipofika, tulikuwa hatucheki tena. Mama Kimya alikuwa amejua kukata picha, kuongeza mwanga, hata kuweka muziki. Nilimheshimu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Sasa sikilizeni palipoharibika.

Aliposti picha ya rafu, akapata laiki nne, na mbili zilikuwa za fundi simu, maana ana simu mbili. Akaposti nesi mstaafu akisoma na miwani imeteremka puani, akapata sitini. Nesi mwenyewe alifurahi. "Umeona?" fundi simu akamwambia. "Watu wanataka sura za watu." Kuanzia hapo Mama Kimya alianza kuzunguka kati ya rafu na simu mkononi, na kabla hajagonga muhuri aliangalia kwanza laiki zimefika ngapi. Siku moja nilimkuta anazungumza kwa sauti humo humo maktabani. Mama Kimya, kwa sauti! Ningejua, ningemwambia shhh.

Ana mdogo wake wa kiume, dereva wa basi la shule. Wanaishi nyumba moja waliyoachiwa na wazazi wao, dada upande wa mbele, mdogo mtu na mkewe na watoto wawili upande wa uani. Basi lenyewe ndilo linalombeba mwanangu wa mwisho. Dereva huyu alikuwa na tatizo la pombe. Hakuwahi kushika usukani amelewa, hilo nasema bila kumung'unya maneno. Alikunywa Jumamosi. Kisha Jumamosi ikaanza kuivuta Jumapili, na Jumapili moja jioni akatazama glasi mkononi, akakumbuka viti thelathini vya watoto, akaogopa. Akaacha siku ileile. Hakumwambia mtu ila mkewe na dada yake.

Kila Alhamisi, akishawashusha watoto shuleni, alikuja maktaba na kukaa nyuma ya rafu ya mwisho, penye dirisha. Kitabu alichosoma kilikuwa na maandishi makubwa kwenye jalada: KUACHA POMBE. Siku ya sabini na moja bila kuonja tone, alikuwa amekaa pale, jua limempiga usoni, anatabasamu kwa kitu alichokisoma. Dada yake akamwona. Moyo ukamjaa. Akapiga picha, akaandika, "Mdogo wangu anapambana na pombe, na anashinda. Kitabu ni dawa. Njooni maktaba." Akabonyeza.

Ilikuwa sifa, jirani zangu. Aliposti kwa upendo. Ndiyo maana nawasimulia, kwa sababu mngekuwa ninyi mngefanya vilevile.

Kufika saa sita, laiki mia tatu na kumi na mbili. Mama Kimya alikuwa anajibu komenti akiimba chini kwa chini fundi simu alipovuka barabara mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Mama, umesoma komenti?"

"Nimefika ya arobaini. Zote nitazijibu."

"Soma za mwisho!"

Akasoma. Si huyu anayewabeba watoto wetu? Kumbe mlevi! Tumekabidhi watoto kwa mlevi! Mtu alikuwa ameichukua picha na kuipeleka kwenye grupu la wazazi, huko ikachukuliwa tena, ikasambaa. Sasa niseme na langu, maana nikilificha hadithi yote itakuwa uongo. Mimi nilikuwemo kwenye grupu lile. Nilimjua dereva, nilimsalimu kila siku, viatu vyake nimevitia soli mimi. Na bado niliisambaza kwa watu watano, nikaandika, "Wazazi, tuwe macho."

Dereva alirudi kwa miguu mchana ule. Mwenye mabasi alikuwa amemnyang'anya funguo. Hakwenda nyumbani, aliingia moja kwa moja maktaba, na sauti yake niliisikia mpaka kibandani kwangu.

"Dada, umenifanya nini?"

"Nilikusifu, mdogo wangu. Naapa nilikusifu."

"Nani alikuomba sifa? Mtaa huu mzima hakuna anayejua kunyamaza ila wewe. Ndiyo maana nilikuja kwako!"

Mama Kimya akafuta posti. Akamgeukia fundi simu aliyesimama mlangoni. "Imeondoka?"

"Imeondoka kwako. Kwenye simu za watu ipo."

"Na huko naifutaje?"

"Huifuti, mama."

Dereva akaweka kitabu mezani, akatoka. Mkewe alimtafuta kila mahali. Kumbe alikuwa amekwenda baa. Alipoingia wakamshangilia, "Karibu, mwanafunzi!" Mmoja akamwagizia bia, ikawekwa mbele yake, baridi, inatoa jasho. Alinieleza baadaye kwamba aliitazama mpaka povu likaisha. Kisha akasema, "Mmenichukulia kazi, jina langu mmelichafua. Hii sabini na moja ni yangu, hamuipati." Akainuka. Mkewe alimkuta mlangoni anatoka, akamshika mkono, wakarudi nyumbani.

Lakini nyumbani palikuwa pamechafuka. Mke wa dereva alisimama uani akamwambia Mama Kimya, "Wifi, alikuwa anapanda ngazi polepole, wewe ukaitisha watu waje kutazama. Sasa wameitikisa ngazi." Wale watoto wawili waliacha kwenda kucheza nje, maana wenzao waliwaita watoto wa mlevi.

Kesho yake asubuhi Mama Kimya alifungua sanduku la kurudishia vitabu lililo ukutani mwa maktaba, penye tundu la kutumbukizia. Hapakuwa na kitabu hata kimoja. Palikuwa na kadi za uanachama kumi na moja. Juu kabisa ilikuwa ya nesi mstaafu, na karatasi imebandikwa: "Kuna vitabu nimesoma ambavyo hata wanangu hawavijui. Nirudishie siri yangu." Mama Kimya alikaa sakafuni, kadi zimemjaa mapajani, akalia. Nilimwona. Nikajifanya nashona.

Alipomaliza kulia alijifuta kwa ncha ya kitambaa, akamwita fundi simu. "Niwashie laivu. Niwaeleze wote kwa mpigo."

Mdogo wake alikataa katakata. "Usinitaje tena, dada. Hata kwa wema. Kila ukinitaja napelekwa kwa watu wengine mia."

"Basi nitakwenda kwa miguu," akasema, "kwa wale tu walioiona." Hapo mdogo wake akakubali.

Akavuka barabara, akasimama mbele yangu. "Wewe, fundi. Uliisambaza?"

Ningeweza kukana. "Niliisambaza," nikasema.

"Basi inuka, twende. Ulipoipeleka kwa kidole, utaifuata kwa mguu."

Siku tatu tulizunguka. Nyumba ishirini na moja. Wengine walitukaribisha, wengine walizungumza nasi mlango ukiwa nusu wazi. Mwalimu mmoja alitukunjia uso: "Mficha maradhi, kifo humuumbua!" Mama Kimya akamjibu pale pale, "Kweli kabisa. Lakini huyu hakuyaficha, aliyapeleka kwenye dawa. Aliyeyatangaza ni mimi." Na kila nyumba aliuliza swali lilelile: "Kuna dereva anayesoma kitabu cha kuacha pombe, na kuna dereva anayekunywa na hasomi chochote. Mtoto wako utampa yupi?" Wazazi wengine walivaa viatu papo hapo, wakasema watakwenda nasi kwa mwenye mabasi. Mimi zamu yangu ilikuwa fupi. Nilisema, "Niliwatumia picha nikawatia hofu. Sikumuuliza mwenyewe hata neno moja, na tunasalimiana kila siku." Nyumba ya kwanza nilisema nikitazama viatu vyangu. Ya ishirini na moja nilisema nikimtazama mtu usoni.

Mwenye mabasi naye tulimfikia, wazazi tisa nyuma yetu. Alimpeleka dereva kwa daktari, akapimwa, na majibu kwamba hana pombe mwilini yakasomwa mbele ya wote, mwenyewe akiridhia. Hata hivyo hakurudishiwa usukani. Alipewa kazi ya mlangoni, kuwashusha watoto na kuwashika mkono, mtu mwingine akiendesha basi lake. Alikubali. Mwezi mzima alisimama mlangoni pa gari alilolijua kuliko nyumba yake, na wapita njia wakimnyooshea kidole. Mwezi wa pili akapewa funguo. Mwanangu ndiye aliyekuja kuniambia, "Baba, leo mjomba kaendesha mwenyewe!" Nilishindwa kuendelea kushona.

Mama Kimya hakufunga ukurasa. Aliandika posti moja: "Mimi mkutubi nilivunja siri ya msomaji. Nimekosea. Kuanzia leo hapa mtaona vitabu, saa za kazi na vipya vilivyofika. Sura ya mtu hamtaiona mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo." Ilipata laiki kumi na moja. Kadi alizipeleka nyumba kwa nyumba, akaomba radhi kwa kila mtu. Nane zilipokelewa, tatu bado ziko mezani kwake. Ofisi kuu ilipouliza wafuasi, alituma pia idadi ya vitabu vilivyoazimwa, na mpaka leo maktaba haijafungwa.

Juzi Alhamisi nilikuwa ndani nikirudisha kitabu changu. Dereva alikuwa amekaa penye dirisha lile, jua lilelile usoni. Mama Kimya alimtazama, simu iko mkononi. Akamsogelea.

"Mdogo wangu, nikupige picha?"

"Hapana, dada."

"Haya," akasema, akaitia simu kwenye droo. Akagonga muhuri kadi ya kitabu alichoazima, pa, akaifungia kisandukuni.

Kitabu gani? Mimi sijui. Nilijaribu kuuliza, akaweka kidole mdomoni kwake: "Shhh!"

FUNZO

Jirani zangu, simu si mbaya, na kujifunza vipya si aibu hata ukiwa na mvi. Ubaya ni kuchukua jambo la mtu na kulifanya mapambo ya ukurasa wako. Aliyekukabidhi udhaifu wake amekupa amana, na amana haitangazwi hata kwa sifa. Muulize kwanza. Akisema hapana, hapana yake inatosha, usidai sababu.

Na wewe unayepokea na kusambaza, usijifiche nyuma ya aliyeanza. Yeye aliposti mara moja, sisi tuliisambaza mara mia. Kabla hujabonyeza, jikumbushe nyumba ishirini na moja. Mimi nilizitembea, na miguu bado inauma.